Marabi walimhofia hakimu kuliko mhalifu

Talmud ya Babeli, kitabu cha mijadala ya marabi wa Kiyahudi, imehifadhi kauli ya mmoja wao, Rav Kahana, ambayo mwanasheria wa leo akikutana nayo hudhani imenakiliwa vibaya. Mahakama yenye uwezo wa kuhukumu kifo ina mahakimu 23. Wote 23 wakimwona mshitakiwa ana hatia, asitokee hata mmoja wa kumtetea, mshitakiwa anaachiwa. Sababu imeelezwa hapohapo: hukumu ya kifo haitolewi siku ileile shauri liliposikilizwa, sharti usiku upite kati ili mahakimu watafute hoja ya kumwokoa mtu, na watu waliokwisha kuafikiana wote hawana tena la kutafuta. Wafafanuzi wa karne za baadaye wameivuta kanuni hii huku na huko, na wapo walioipa maana finyu sana. Hata hivyo inaonyesha vizuri jinsi marabi walivyofikiri kuhusu jinai na adhabu. Wengi wetu huanza kwa kuuliza mhalifu anastahili nini. Marabi walilijua swali hilo, wala hawakuwa na shaka kwamba muuaji anastahili kufa. Walichokitilia shaka, kwa ukaidi wa karne nyingi, ni kama binadamu aliyeketi kwenye kiti cha hukumu anaweza kujua vya kutosha hata aruhusiwe kutoa roho ya mwenzake. Naamini hapo ndipo ulipo mchango wao mkubwa, na naamini walikuwa sahihi, ingawa msimamo huo ulikuwa na gharama ambayo wao wenyewe hawakuificha.

Maandiko waliyorithi hayakuwa mepesi. Moshe ben Maimon, ambaye Ulaya humwita Maimonides na Waarabu Musa bin Maimun, mzaliwa wa Córdoba aliyefariki Misri mwaka 1204, alihesabu makosa 36 ambayo adhabu yake kwa mujibu wa Torati ni kifo kinachotolewa na mahakama: 18 kwa kupigwa mawe, 10 kwa kuchomwa, 2 kwa upanga na 6 kwa kunyongwa. Kwa marabi maneno hayo yalitoka kwa Mungu, na hapakuwa na bunge la kuyafuta. Njia iliyobaki ilikuwa ya ushahidi, nao wakaishika kwa bidii ya ajabu. Kumbukumbu la Torati inadai mashahidi wawili. Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilishwa Galilaya karibu na mwaka 200 chini ya Rabi Yehuda, kiongozi wa Wayahudi wa nchi ile, pamoja na Talmud iliyoifuata, zinadai zaidi ya hapo. Mashahidi wawe wameliona tendo kwa macho yao. Mtenda awe ameonywa kabla ya kutenda kwamba analotaka kufanya adhabu yake ni kifo, naye awe amejibu kwamba anajua na atatenda hivyo hivyo, kisha akatenda papo hapo. Ndipo kila shahidi ahojiwe peke yake maswali saba ya lazima: juma gani la miaka, mwaka gani, mwezi gani, tarehe gani, siku gani, saa ngapi, mahali gani. Mahakimu waliruhusiwa kuongeza mengine, na aliyezidisha alisifiwa. Inasimuliwa kwamba Ben Zakkai aliwahi kuwahoji mashahidi hata juu ya vikonyo vya tini.

Je, ushahidi wa mazingira? Haukukubalika katika kesi ya kifo, hata uwe mzito kiasi gani. Talmud inamleta Shimon ben Shetach, kiongozi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, akisimulia kwamba alimwona mtu akimkimbiza mwenzake hadi ndani ya gofu. Alipowafuata alimkuta mkimbizaji ameshika upanga unaochuruzika damu, na mwenzake akigaagaa akikata roho. Shimon akamwambia yule mtu kwamba muuaji hawezi kuwa mwingine, ama ni yeye ama ni Shimon mwenyewe, lakini Torati haikumpa uwezo wa kumwua kwa ushahidi wa aina hiyo, hivyo anamwachia Mungu ajuaye mawazo ya watu. Mahakama yoyote ya leo ingemtia hatiani mtu yule asubuhi moja. Marabi walichagua mfano ulio wazi kupita yote, ambao hakuna mwenye akili timamu angeutilia shaka, wakaweka kikomo hapohapo. Ukimruhusu hakimu kukisia pale ambapo kisio ni kamili, hutakuwa na neno la kumzuia pale ambapo kisio ni nusu tu, maana hakimu mwenyewe huona makisio yake yote ni kamili.

Mashahidi nao walitiwa hofu kabla ya kufungua kinywa. Mishna inaagiza waambiwe kwamba kesi ya mali si sawa na kesi ya roho. Katika kesi ya mali mtu aliyekosea hulipa na mambo yakaisha, lakini katika kesi ya roho damu ya aliyeuawa na damu ya uzao wake wote ambao haukuzaliwa hubaki juu ya kichwa cha shahidi hadi mwisho wa dunia. Kisha hukumbushwa kwamba Adamu aliumbwa peke yake ili watu wajue kuwa anayeangamiza nafsi moja ni kama ameangamiza ulimwengu mzima. Msomaji Mwislamu atalitambua fundisho hili mara moja, kwa kuwa Kurani katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, inalitaja kama jambo walilofaradhishiwa Wana wa Israeli. Wengi hulinukuu kama pongezi nzuri kwa utu wa binadamu, jambo ambalo halina ubaya, ila ni vema kujua mahali lilipowekwa kwanza. Liliwekwa katika onyo la mahakamani, mbele ya watu wawili ambao neno lao lingeweza kumwua mtu, na ambao Torati iliwataka wawe wa kwanza kunyosha mkono siku ya kutekeleza hukumu.

Ndani ya mahakama mizani iliinamishwa kwa makusudi upande wa mshitakiwa. Mahakimu wa ngazi ya chini walizungumza kwanza, ili wasije wakafuata midomo ya wakubwa wao. Mwanafunzi aliyekaa kusikiliza alikuwa na ruhusa ya kuleta hoja ya kumwokoa mshitakiwa, lakini hakuwa na ruhusa ya kuleta hoja ya kumwangamiza. Aliyekwisha kumtetea hakuweza kugeuka akamhukumu, ilhali aliyemhukumu aliweza kugeuka akamtetea. Kura moja ya ziada ilitosha kumwachia. Kumtia hatiani kulihitaji ziada ya kura mbili. Hata hukumu ikishapita, mtu mmoja alisimama mlangoni mwa mahakama na kitambaa mkononi, na mpanda farasi akakaa mbali kiasi cha kukiona. Akitokea yeyote mwenye neno la kumtetea, kitambaa kilipungwa na farasi akakimbizwa kuwasimamisha wanaokwenda kuua. Mhukumiwa mwenyewe aliweza kurudishwa mara nne au tano, mradi neno lake liwe na uzito.

Kukiri kosa nako hakukumfikisha mtu kwenye kifo. Kanuni ya Talmud ni kwamba mtu ni jamaa wa nafsi yake, na kwa vile jamaa hashuhudii dhidi ya jamaa, ungamo la mshitakiwa halihesabiki kama ushahidi katika jinai. Maimonides aliongeza maelezo ambayo hayajapoteza nguvu: huenda anayekiri amevurugikiwa na akili, au ni mmoja wa wale wenye uchungu moyoni wanaotamani kufa, akajisingizia tendo ambalo hakulitenda ili auawe. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1966, katika kesi ya Miranda, kwamba polisi hawawezi kumhoji mtuhumiwa aliye mikononi mwao bila kumweleza haki yake ya kunyamaza, majaji waliitaja sehemu hiyo ya maandishi ya Maimonides katika tanbihi ya hukumu yao. Yeyote anayejua ungamo hupatikanaje katika vituo vya polisi vya dunia hii, kwa usiku usio na usingizi na kwa kipigo, ataona kwamba Maimonides, daktari wa Misri ya karne ya 12, alifahamu jambo ambalo mataifa mengi hayajataka kulifahamu.

Wapo watakaouliza kama huku si kumsahau aliyedhulumiwa. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake limo katika sehemu ya sheria ambayo watu wa nje huijua kwa sura potofu. Maneno ya kitabu cha Kutoka kuhusu jicho kwa jicho yamekuwa kwa wengi ndiyo muhtasari wa dini nzima ya Kiyahudi. Mishna inayachukulia kuwa ni sheria ya malipo, na haitumii muda kuomba radhi kwa kusema hivyo. Talmud ndiyo inayojadili sababu, kwa maswali ya watu waliozoea kesi halisi: ikiwa jicho la mmoja ni kubwa na la mwingine ni dogo, usawa uko wapi? Kipofu akimpofua mwenzake, utamtoa nini? Aliyejeruhi hulipa mambo matano, yaani upungufu wa thamani ya mwili, maumivu, matibabu, kazi iliyosimama na aibu. Hata akishalipa yote hasamehewi mpaka aende kumwomba radhi aliyemjeruhi. Katika mauaji ya kukusudia mambo ni tofauti kabisa. Kitabu cha Hesabu kinakataza kupokea fidia badala ya roho ya muuaji, kwa hiyo familia ya marehemu haiwezi kusamehe kwa malipo, kinyume na dia inayojulikana katika sheria ya Kiislamu. Roho ya mtu, kwa marabi, haikuwa mali ya ndugu zake. Aliyejeruhiwa hakusahauliwa. Alichonyimwa ni kumfanya hakimu kuwa mkono wake wa kisasi.

Hata adhabu waliyoitekeleza kweli, yaani viboko, waliiwekea mipaka ya aina hiyo hiyo. Torati inasema visizidi 40. Wao wakashuka hadi 39 wasije wakapitiliza kwa bahati mbaya. Mwili wa mkosaji ulipimwa kwanza ili kujua anaweza kuvumilia vingapi, na idadi ikapunguzwa kulingana na hali yake. Akishachapwa, kwa maneno ya Rabi Hananya ben Gamliel yanayotegemea lugha ya Torati yenyewe, amekuwa tena ndugu yako. Deni limekwisha. Linganisha na desturi yetu ya kumwita mtu mfungwa wa zamani hadi anaingia kaburini.

Sasa pingamizi lenye nguvu zaidi la kihistoria. Talmud yenyewe inasema kwamba miaka 40 kabla ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, Baraza Kuu la Sanhedrini liliondoka katika ukumbi wake na kesi za kifo zikakoma. Walioandika Mishna, basi, walikuwa raia wa himaya ya Kirumi wasio na upanga. Ni rahisi, mtu atasema, kuwa mpole kwa silaha usiyoishika. Nakubali kwamba mengi ya haya ni sheria ya chumba cha masomo. Mpanda farasi na kitambaa huenda hawakuonekana kamwe katika umbo hilo. Lakini watu walioshindwa vitani na kunyang'anywa dola wana njia mbili za kuiota dola yao. Wanaweza kuiota ikiwa na nguvu kuliko ya aliyewashinda, au wanaweza kuketi na kufikiri nguvu hiyo ingepaswa kufungwa vipi. Rabi Akiva, ambaye simulizi za Kiyahudi zinasema Warumi walimwua kwa mateso baada ya uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba, aliijua dola kutoka upande wa anayeadhibiwa. Yeye na Rabi Tarfon walitamka katika Mishna kwamba wao wangekuwa katika Sanhedrini, asingeuawa mtu yeyote kamwe. Kabla yao inatajwa kauli kwamba mahakama inayoua mtu mmoja katika miaka saba huitwa yenye kuangamiza, na Rabi Elazar ben Azarya akaitaja miaka 70.

Mishna ingeweza kuishia hapo. Badala yake inamleta Rabani Shimon ben Gamliel, na neno la mwisho ni lake: wawili hao wangeongeza wamwaga damu katika Israeli. Naye hakuwa mtu wa maneno ya nadharia, kwani Talmud inamtaja miongoni mwa manusura wa maangamizi ya mji wa Betar, katika uasi uleule ambao baada yake Akiva aliuawa. Talmud inampa hata nguvu zaidi mahali pengine, inapoeleza kwamba Sanhedrini iliondoka ukumbini kwa sababu wauaji walikuwa wameongezeka na mahakama haikuweza kuwahukumu. Asiyeona uzito wa hoja hii hajawahi kuwaza juu ya mtaa ambamo muuaji anajulikana kwa jina na bado anapita sokoni.

Marabi waliuona uzito huo, ndiyo maana walifungua milango ya pembeni, nayo haipendezi kuitazama. Mishna inasema anayejulikana kuwa ameua bila kuwapo mashahidi wanaotakiwa afungiwe ndani ya kizimba, alishwe mkate wa dhiki na maji ya shida. Talmud inaeleza kwamba hatima yake humo ni kifo. Rabi Eliezer ben Yaakov alisema mahakama inaweza kupiga na kuadhibu nje ya sheria ili kuilinda sheria wakati wa dharura. Shimon ben Shetach, yuleyule aliyemwachia mtu wa gofu, anatajwa kuwa alinyonga wanawake 80 kwa siku moja huko Ashkelon. Katika Hispania ya karne ya 14 wafalme waliziachia jumuiya za Kiyahudi uwezo wa kuhukumu hata kifo, hasa kwa wasaliti waliowachongea wenzao kwa watawala. Rabi Asher ben Yehiel, aliyefika Toledo kutoka Ujerumani, aliandika kwamba alishangaa kuona jambo hilo, kisha akaliruhusu liendelee. Rabi Nissim wa Gerona alitoa nadharia iliyotulia kuliko zote: mahakama ya Torati inahukumu kwa haki kamili, na kwa kuwa haki kamili haitoshi kuendesha nchi, mfalme amepewa kazi ya kuadhibu inavyohitajika kwa utulivu wa watu.

Mkosoaji atasema kwamba kwa nadharia hiyo jengo zima limebomoka: hakimu amefungwa mikono, halafu mfalme amepewa kisu. Simwungi mkono, ingawa siwezi kusema mlango ule haukutumiwa vibaya, na cha Ashkelon sina namna ya kukitetea. Tofauti ninayoiona ni hii. Dola inapoua kwa dharura na kulazimika kukiri kwamba ni dharura, haiwezi kujipamba kwa jina la haki ya Mungu wala kusema ushahidi ulitosha. Inabaki na mzigo wa kujieleza, na mzigo huo hauhamishiki kwa vizazi vinavyofuata kama kanuni ya kawaida. Marabi hawakukubali kulegeza kipimo cha ushahidi ili wapate watu wengi wa kuua kihalali. Kipimo kilibaki juu, na kila aliyekiruka alionekana amekiruka. Nchi nyingi za leo zimefanya kinyume chake: zimeshusha kipimo taratibu, zikakubali ungamo la kituoni na shahidi mmoja wa usiku, na kila hukumu ikaitwa ya kawaida.

Kuhusu hofu ya Rabani Shimon ben Gamliel, kwamba damu itaongezeka, hofu hiyo inadai wauaji wakamatwe na wazuiwe. Haidai lazima wauawe, maana kati ya kumwachia muuaji na kumnyonga leo kuna gereza, chombo ambacho Torati haikukitumia kama adhabu na ambacho marabi walikuwa nacho kwa sura ile mbaya ya kizimba tu. Sisi tuliojenga magereza hatuna haki ya kumtumia kama shahidi wetu wa kitanzi.

Dola ya Israeli si mahakama ya marabi, na sheria yake ya jinai imetokana zaidi na Waingereza. Mwaka 1954 ilifuta adhabu ya kifo kwa mauaji ya kawaida, ikaibakiza kwa makosa machache yakiwamo ya Wanazi, na mwaka 1962 ikamnyonga Adolf Eichmann. Mwaka 1988 mahakama ya Jerusalem ilimhukumu kifo John Demjanjuk, mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akiishi Marekani, ikiamini ndiye mlinzi katili wa kambi ya Treblinka aliyeitwa Ivan wa Kutisha. Manusura wa kambi hiyo walimtambua kwa macho yao. Hawakuwa waongo, hawakununuliwa, na walichokiona Treblinka kilikuwa kweli tupu. Nyaraka za Kisovieti zilipofunguliwa, walinzi wa zamani wa kambi walikuwa wamemtaja mtu mwingine, Ivan Marchenko, na mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Israeli ikamwachia Demjanjuk kwa sababu ya shaka. Hakuwa malaika: mwaka 2011 mahakama ya Munich ilimtia hatiani kwa kusaidia mauaji ya watu zaidi ya 28,000 katika kambi ya Sobibor, akafa mwaka uliofuata rufaa yake haijasikilizwa. Lakini kwa kosa aliloshitakiwa Jerusalem, mashahidi wa macho walikosea uso, na hata maswali saba ya Mishna yasingeligundua kosa hilo. Kati ya mashaka ya Akiva na ya Rabani Shimon, ya Akiva ndiyo yaliyothibitishwa na kesi hiyo, na kwa upande wa kifo nasimama naye.